Reti ya Ploti: Msamaha Ukitangazwa, Nani Hufaidika?

Somo letu la safari hii ni juu ya karatasi ambayo wengi wetu tukiipata tunaikunja na kuificha nyuma ya kabati. Nasema juu ya bili ya reti, yaani kodi ya kiwanja inayolipwa kaunti. Kina mama wa Sofia, Birikani, Mabomani na kwingineko hapa Voi wameniuliza habari yake mara nyingi, na swali huwa ni lile lile: "Dada, maskini anasamehewa ama hasamehewi?"

Jibu fupi ni hili: anaweza kupunguziwa, lakini si kwa sababu tu ni maskini, na si kwa kunyamaza. Jibu refu ndilo somo lenyewe.

Wacha nianze na mama mmoja mjane, wa mji mmoja ulio kando ya reli. Mji sitautaja. Aliletewa notisi ya deni la shilingi 87,000. Mama huyu anauza mboga, na kwa siku nzuri hubaki na shilingi mia mbili. Alipoona muhuri alijua basi, kesho wanakuja kubomoa. Alikuwa amekwisha kuzungumza na dalali ambaye alitaka kununua ploti nzima kwa laki moja na nusu, akate lile deni kwanza, kisha ambakishie salio. Shilingi 63,000 kwa ploti yenye nyumba ya vyumba vitatu! Bahati nzuri binti yake alimleta kwetu kabla hajaweka kidole gumba.

Nilimuuliza, "Mama, marehemu aliacha risiti zozote?" Kesho yake akaja na mkebe wa Kimbo. Ndani mlikuwa na risiti za baraza la zamani, za mwaka 2004 hadi 2010, nyingine zimeliwa na mende pembeni lakini namba zinasomeka. Tukazilinganisha na orodha ya ofisi. Miaka ile ile saba ilikuwa imeandikwa kwamba haijalipwa.

Hii ndiyo hesabu yake, na naomba uifuate pole pole. Reti yake ilikuwa shilingi 2,400 kwa mwaka. Miaka saba iliyolipwa lakini haikuandikwa: 16,800. Miaka 12 ambayo kweli haikulipwa, tangu mzee alipougua mwaka 2011 hadi 2022: 28,800. Zilizobaki, shilingi 41,400, zilikuwa riba tupu. Kwa hiyo katika deni la 87,000, deni la kweli halikufika hata 30,000.

Sasa tuelewe mambo haya yanavyokwenda.

Kwanza neno lenyewe linatuchanganya. Sisi huku tukisema "kodi" tunamaanisha pesa ya kumlipa mwenye nyumba, na pia tunamaanisha ushuru wa serikali. Juu ya hapo ardhi ina madeni mawili tofauti. Kuna reti, ambayo huenda kwa kaunti. Na kuna renti ya ardhi, ambayo huenda kwa serikali kuu kupitia wizara ya ardhi, nayo humhusu mtu ambaye ploti yake ni ya kukodishiwa kwa miaka kadhaa, kama 99. Mwenye shamba la umiliki wa kudumu hadaiwi renti, ila reti anaweza kudaiwa. Nimewaona watu wamelipa moja wakajua wamemaliza zote mbili, na nimewaona waliopata msamaha wa moja wakatupa karatasi za nyingine. Ukienda ofisini uliza wazi: hili ni deni la nani?

Mamlaka ya kaunti kutoza reti yako katika Katiba ya 2010, kifungu cha 209. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 kazi hiyo ilikuwa ya mabaraza, yale ya madiwani. Mabaraza yalipokwisha, vitabu vyao vya madeni vilirithiwa na kaunti. Ndiyo maana mtu anadaiwa leo na kaunti pesa za mwaka ambao kaunti yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Na ndiyo maana mkebe wa Kimbo una thamani. Sheria za zamani za reti, yaani Sura ya 266 na Sura ya 267, zimebadilishwa na sheria moja ya kitaifa iliyotiwa sahihi Disemba 2024. Lakini msingi haukubadilika: anayedaiwa ni mwenye ardhi, na deni linafuata ploti, halifi na mtu.

Kitu kinachowashangaza wengi ni jinsi reti inavyopigwa. Katika miji yetu ya Kenya, kwa desturi, hesabu hufuata thamani ya kiwanja chenyewe, bila jengo. Maana yake, ploti mbili zilizo sawa zikiwa zimepakana, moja ina ghorofa yenye wapangaji ishirini na nyingine ina nyumba ya udongo ya ajuza mmoja, reti yao ni sawa. Wataalamu husema hiyo ni njia ya kumsukuma mwenye ardhi aiendeleze badala ya kuiacha msitu. Labda. Lakini ajuza hana cha kuendeleza, na mji unavyokua kumfuata, thamani ya kiwanja chake inapanda bila yeye kuongeza hata bati moja. Wanaokaa Voi tangu kabla ya reli mpya ya mwaka 2017 wanajua ninachosema.

Je, sheria inamjali? Sheria ya zamani ilikuwa na orodha ya wasiotozwa: nyumba za ibada, makaburi, hospitali, shule, taasisi za huruma. Nyumba ya mjane haikuwamo. Yaani ploti ya kanisa haidaiwi, na ya mjane aliyepakana na kanisa inadaiwa. Nasema hivyo bila kuilaumu sheria, ila sisi tunaofanya kazi upande wa kanisa tusijifanye hatuoni.

Kinachobaki kwa mwenye kipato kidogo ni msamaha unaotolewa na kaunti. Hapa tafadhali soma kwa makini, kwa sababu ndipo watu wanapoibiwa.

Katiba, kifungu cha 210, inasema hakuna kodi inayotozwa wala kusamehewa ila kwa sheria. Kila msamaha lazima uandikwe katika kumbukumbu za umma pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aarifiwe. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012, kifungu cha 159, inampa waziri wa fedha wa kaunti uwezo wa kusamehe kodi au ada ya kaunti, lakini kwa masharti hayo hayo. Na hakuna mkubwa anayeweza kusamehewa kwa sababu ya cheo chake. Kwa hiyo karani hana msamaha mfukoni. Mzee wa mtaa hana. Yule kijana anayepita na daftari akisema "nipe elfu mbili nikuingize kwenye listi ya msamaha" ndiye kabisa hana.

Msamaha wa kweli unakuja namna gani? Mara nyingi ni tangazo: wenye madeni ya reti walipe deni la msingi lote kabla ya tarehe fulani, nao watafutiwa riba na faini, pengine zote, pengine nusu. Nairobi na Mombasa zimefanya hivyo zaidi ya mara moja, na kaunti nyingine pia. Linatangazwa gazetini, redioni, na kwenye mbao za ofisi. Muda wake huwa miezi michache.

Sasa rudi kwa yule mama wetu. Baada ya safari saba na barua tatu, ile miaka saba ya risiti ilifutwa pamoja na riba yake. Likabaki deni la msingi la 28,800 na riba yake. Kisha tangazo likatoka: lipa msingi wote ndani ya miezi mitatu, riba inafutwa. Tukafurahi. Alitoa akiba yake, chama chake kikamkopesha, binti akatuma kidogo kutoka Mariakani. Siku ya mwisho alikuwa na shilingi 11,000. Dirisha likafungwa na riba ikabaki pale pale. Mwezi huo huo, kwa tangazo hilo hilo, mtu mwenye ploti sita za biashara aliyekuwa amekaa miaka bila kulipa alikuja na hundi moja, akafutiwa riba kubwa kuliko thamani ya nyumba ya yule mama. Hakuvunja sheria hata kidogo. Alifuata tangazo.

Hilo ndilo ninalotaka tulione. Msamaha wa riba ni dawa ya mtu mwenye pesa aliyechelewa. Mtu asiye na pesa unampita. Ukimsaidia, ni kwa sababu alijiandaa kabla haujatangazwa.

Wenzetu wa nchi nyingine wamejaribu njia tofauti. Msomaji wa Taveta mwenye ndugu Holili au Moshi anajua kwamba Tanzania, tangu Julai 2021, kodi ya jengo imekuwa ikikatwa kupitia umeme wa LUKU. Ilianza na shilingi 1,000 za kwao kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Lakini sheria yao imemtaja mzee wa miaka 60 na zaidi, na mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, kwamba nyumba moja anayoishi mwenyewe haitozwi. Kazi ni kwamba ajitokeze aseme, maana mita ya umeme haijui umri wa mtu. Uganda walibadilisha sheria mwaka 2006, nyumba ambayo mwenyewe anaishi ndani ikaondolewa katika reti, wakabaki kutoza za kupangisha na za biashara. Uingereza, tangu mwaka 2013, kila halmashauri ina mpango wake wa kupunguzia watu wa kipato kidogo, na wazee wa kustaafu wanalindwa na kanuni za taifa. Hata huko, asiyeandika maombi hapati.

Tofauti ni kwamba huko umaskini au uzee wenyewe umetajwa katika sheria kama sababu. Sisi sababu iliyotajwa katika matangazo ni kuchelewa.

Basi tufanye nini hapa? Nitaeleza kwa mpangilio tunaoutumia ofisini kwetu, ingawa si kila nyumba itahitaji yote.

Jambo la kwanza, usiikimbie notisi. Notisi si tingatinga. Kwa utaratibu wa sheria kaunti hukudai kwanza kwa maandishi, ikishindwa inaweza kwenda mahakamani, na deni linaweza kuandikwa kama mzigo juu ya ploti. Hiyo ni safari ndefu, na katikati yake kuna nafasi nyingi za kuzungumza. Anayekuambia uza leo kabla ya Ijumaa anataka ploti yako.

Halafu omba taarifa ya deni iliyochanganuliwa mwaka kwa mwaka: msingi peke yake, riba peke yake. Usikubali jumla tu. Ukinyimwa, andika barua. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua haihitaji Kiingereza cha wakili. Andika namba ya ploti, jina lililo kwenye hati, unachoomba, na tarehe. Kiswahili ni lugha rasmi.

Tafuta risiti. Tafuta chini ya godoro, ndani ya Biblia ya marehemu, kwa shemeji. Risiti ya baraza la zamani ni halali kama ya leo.

Kama deni ni la kweli na huwezi kulipa lote, omba kwa maandishi kulipa kidogo kidogo. Sema kiasi utakachoweza kweli, si kile cha kumfurahisha karani. Shilingi 800 kila mwezi zinamaliza 28,800 kwa miaka mitatu, na kila unachopunguza kwenye msingi kinakuweka karibu na dirisha la msamaha likifunguliwa tena. Lakini uliza, na uandikiwe, pesa yako inaingia wapi. Kuna mahali malipo huanza kumeza riba kwanza, na mtu analipa mwaka mzima msingi haujasogea. Lipa kwa njia rasmi ya kaunti tu, upate risiti yenye namba ya ploti. Pesa ya mkononi bila risiti ni zawadi.

Sasa nije kwa jambo ambalo kwetu Taita ndilo fundo lenyewe: jina. Ploti nyingi bado zina jina la baba au babu aliyekwisha kufa. Bili inakuja kwa jina la marehemu, watoto watano wanatazamana, kila mmoja anangoja mwingine alipe. Kulipa, mtu yeyote anaweza kulipia ploti hiyo. Kuandika maombi, kukubaliana juu ya deni au kuomba kufutiwa, hapo ofisi itauliza: wewe ni nani kwa huyu? Na usipofanya mirathi utakosa jibu. Anza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Wote, hata yule wa mke wa pili, hata binti aliyeolewa Bura. Kisha mahakamani, Voi, Wundanyi ama Taveta kulingana na mnakokaa. Tangazo hutolewa katika gazeti rasmi la serikali na siku 30 hupita za mtu kupinga. Ni kazi ya miezi, na ada zipo, lakini warithi wakielewana wakili si lazima.

Hapo pia nitoe onyo. Risiti ya reti si hati. Kaka mkubwa aliyelipa reti miaka kumi hajawa mwenye shamba kwa kulipa. Na anayekaa kwenye ardhi isiyo yake hapati haki kwa kwenda kulipia namba ya ploti ya mwingine. Wapo waliodanganywa hivyo.

Na mpangaji? Hadaiwi reti moja kwa moja, lakini ikipanda, mwenye nyumba huiweka kwenye kodi ya mwezi. Kwa hiyo kikao cha reti kinamhusu pia.

Nasema kikao kwa sababu viwango vya reti na masharti ya msamaha hupitia sheria ya fedha ya kaunti, ambayo bunge la kaunti huijadili kila mwaka wa fedha, na Katiba inataka wananchi washirikishwe. Mimi nimehudhuria vikao hivyo kadhaa. Wenye hoteli huja na maandishi. Wenye malori huja na mwanasheria. Sisi huja na kelele, na wengi huondoka baada ya soda.

Tukienda na karatasi moja tungeomba nini? Mimi ningeomba mambo mawili. Moja, mwenye kipato kidogo aliyeanza kulipa msingi kwa awamu afutiwe riba mwishoni mwa awamu zake, asibanwe na miezi mitatu. Mbili, mzee wa miaka 70 na zaidi anayeishi katika ploti yake moja tu apunguziwe msingi wenyewe. Tusiambiwe kwamba hatuwezi kuwajua. Serikali kuu inalipa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee hao. Majina yapo na namba za vitambulisho zipo. Sioni maana ya mkono mmoja wa serikali kumpa mzee 2,000 na mwingine kumdai 2,400 pamoja na riba.

Watakaojibu kwamba kaunti itakosa pesa wana haki ya kusikilizwa. Karibu sehemu 62 kwa mia ya kaunti yetu ni mbuga ya Tsavo, na katika iliyobaki kuna mashamba ya katani na ranchi kubwa. Ardhi ya wananchi wa kawaida ni kidogo, na maji, taka na taa za barabarani zinataka pesa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ploti ya mtu hapa ni kila kitu chake. Wazee wa Tanzania-Bondeni, hapa hapa Voi, waliliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtaa wao ulipopimwa chini ya mradi wa serikali na Wajerumani, walichagua kuishika ardhi kwa pamoja chini ya amana, kusudi tajiri asije akanunua ploti moja moja kwa watu wenye shida. Deni ni mlango mmoja wa shida hiyo.

Yule mama bado analipa. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amefikisha 19,600, risiti zote zimo mkebeni, na warithi wamekwisha kutia sahihi barua ya chifu. Dalali amehamia mtaa mwingine.

Maswali ya kujadili katika vikundi na jumuiya:

1. Katika mtaa wenu, ploti ngapi bado zina jina la marehemu? Nani anaweza kuwasindikiza warithi kwa chifu?

2. Chama chenu kikiweka akiba ya pamoja ya reti, kiasi gani kwa mwezi kingetosha ili dirisha la msamaha likifunguliwa msikimbizane?

3. Mwakilishi wenu wa wadi alisema nini juu ya reti katika sheria ya fedha iliyopita? Kama hamjui, mwulizeni kwa barua, na nakala mje nayo kwenye kikao kijacho pamoja na risiti zenu za zamani. Tutazipanga kwa miaka.